Namna ya Kuagiza na Kula Katika Mkahawa wa Mapishi Mseto

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika mkahawa wa mjini unaopika mapishi mseto, yaani mapishi yanayokutanisha jadi mbili au tatu za upishi katika sahani moja, hukabidhiwa menyu ambayo kila mstari wake anauelewa nusu. Samaki anamjua na ndimu anaijua, lakini samaki huyo ameandikwa pamoja na miso, yaani rojo la Kijapani la soya iliyochachushwa. Nyama ya kondoo si ngeni kwake, ila imepakwa sosi ya pilipili iliyochachushwa na kulazwa juu ya tortila ya mahindi, ule mkate mwembamba wa Kimeksiko. Hapo wengi huchagua mojawapo ya njia mbili: ama huagiza kile kinachokaribiana na chakula walichokizoea, ama huelekeza kidole kwenye jina lililowavutia na kusubiri kitakacholetwa. Wa kwanza huondoka bila kuonja kile ambacho mkahawa huo unakijua zaidi, na wa pili hubahatisha. Iko njia ya tatu, nayo ni kuuliza. Ila kuuliza nako kuna namna yake, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna hiyo.

Sababu ya kuuliza ni nyepesi kueleweka. Katika mkahawa wa jadi moja, jina la chakula ni ahadi: anayeliagiza anajua kitakachokuja, na kikija tofauti ana haki ya kulalamika. Katika mapishi mseto jina linaonyesha upande tu. Neno «taco» linaweza kumaanisha kwamba kuna kitu kimekunjwa na kitaliwa kwa mkono, basi, na yaliyomo ndani yakawa yametoka bara jingine kabisa. Kwa hiyo anayemuuliza mhudumu sahani fulani ni nini haonyeshi ushamba, na wahudumu wa mikahawa hii hufundishwa kuzieleza sahani kwa sababu wenye mikahawa wanajua kwamba menyu peke yake haitoshi.

Kabla ya kwenda

Weka nafasi mapema, na unapoiweka taja mambo matatu: idadi ya watu, muda mlio nao, na vyakula ambavyo mmoja wenu havili kwa sababu ya mzio, dini au msimamo wake. Jambo la tatu ndilo watu huliacha mpaka wakae mezani, na huko huwa wamechelewa. Mapishi mseto hutegemea sana vitu vilivyotengenezwa siku nyingi kabla ya mlo: miso huchachushwa kwa miezi, kimchi, yaani mboga za Kikorea zenye viungo, kwa siku kadhaa au wiki, supu ya msingi hupikwa asubuhi, na rojo la viungo husagwa kwa wingi likawekwa kwenye friji. Mpishi hawezi kuutoa mchuzi wa samaki kwenye rojo ambalo tayari limesagwa nao. Ukimwarifu siku moja kabla, anaweza kukutengea kiasi kidogo kisicho na kiungo hicho. Ukimwarifu ukiwa umeshaketi, kinachobaki kwake ni kukuambia sahani zipi uziache.

Uliza pia chakula huletwa kwa utaratibu gani. Iko mikahawa ambayo kila mtu ana sahani yake, iko ambayo sahani ndogo huwekwa katikati kwa ajili ya kushirikiana, na iko yenye menyu ya kuonja, ambayo mpishi mwenyewe ndiye huchagua mfululizo wa sahani ndogondogo na kuzituma moja baada ya nyingine. Menyu ya kuonja huchukua kwa kawaida saa mbili hadi tatu, na mara nyingi mkahawa hutaka meza nzima iichukue kwa sababu jiko haliwezi kuhudumia meza moja kwa mwendo wa aina mbili. Kwa maoni yangu, mgeni wa mapishi haya asianze na menyu ya kuonja. Sahani kumi zikipita mbele ya mtu ambaye bado hajajua kutofautisha ladha ngeni, humchosha ulimi, na ikifika ya sita hakumbuki tena ya pili. Sahani za kushirikiana ndizo shule nzuri, kwa kuwa mnaonja kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuweza kukizungumzia.

Kuisoma menyu

Kabla ya kuchagua, ni vyema kujua kwamba mchanganyiko wa jadi za upishi haukuanza na mikahawa ya kisasa, kwani ujuzi huo utakusaidia kupanga nini kianze. Ufundi wa tempura, yaani kukaanga samaki au mboga zilizochovywa kwenye rojo jepesi la unga, ambao leo watu wengi huuhesabu kuwa wa Kijapani tangu asili, uliingia Japani katika karne ya 16 pamoja na Wareno. Vindaloo, mchuzi mkali wa nyama wa Goa nchini India, jina lake limetokana na chakula cha Kireno cha nyama iliyolowekwa kwenye divai na vitunguu saumu. Wahamiaji wa Kijapani walipofika Peru mwaka 1899, vizazi vyao vilianza kuandaa samaki wa bahari ile kwa kisu cha kwao na kwa ndimu na pilipili za Peru, na upishi uliotokana na hapo huitwa Nikkei. Nchini Meksiko, nyama ya «al pastor» inayochomwa kwenye mhimili wa wima ni mtoto wa shawarma iliyoletwa na wahamiaji kutoka Lebanoni. Hata pilipili yenyewe, ambayo mtu anaweza kudhani kwamba Asia haikuwahi kukosa, ilitoka Amerika na kusambaa duniani baada ya mwaka 1492.

Mseto wa makusudi, ule wa mpishi mmoja anayekaa na kuamua kukutanisha jadi mbili, ni wa juzi. Wolfgang Puck, mpishi mzaliwa wa Austria, alifungua mkahawa wa Chinois on Main huko Santa Monica, California, mwaka 1983, akiunganisha upishi wa Kichina na wa Kifaransa. Nobu Matsuhisa, mpishi wa Kijapani ambaye katika miaka ya 1970 alifanya kazi Lima, mji mkuu wa Peru, alifungua mkahawa wake Beverly Hills mwaka 1987 na kuupeleka ulimwenguni mtindo wa samaki mbichi wenye mkono wa Japani na viungo vya Peru. Mwaka 2008, mpishi Roy Choi alianza kuuza kutoka kwenye lori jijini Los Angeles taco zilizojazwa nyama iliyotiwa viungo vya Kikorea, na watu wakapanga foleni barabarani.

Faida ya kuyajua haya mezani ni hii: swali la kwanza la kumuuliza mhudumu ni kama sahani unayoitazama ni mkutano wa zamani au ni ubunifu wa mpishi wao. Mkutano wa zamani umepita mikononi mwa vizazi, na mizani yake imeshapatikana. Ni nadra ukushinde. Ubunifu wa mpishi unaweza kuwa bora kuliko vyote mezani, au ukawa bado unatafuta njia. Kwa hiyo anza na sahani moja ya aina ya kwanza ili upate kuupima mkono wa jiko, kisha agiza ule ubunifu. Jiko lililoshindwa kumtendea haki samaki mbichi na ndimu halina sababu ya kuaminiwa na bata aliyepakwa kakao.

Baada ya hapo, itazame kila sahani kwa mambo manne: nini ndicho mwili wake, nini kinaitia uchachu, mafuta yake ni yapi, na ukali wake ni wa aina gani. Mwili ni kile kinachobeba, kama vile wali, tambi, tortila, samaki au mboga. Uchachu unaweza kutoka kwenye ndimu, siki, ukwaju, mtindi au mboga zilizochachushwa, na kila kimoja huishia mahali pake mdomoni: ndimu hukata haraka na kuondoka, ukwaju huacha utamu, mtindi hutuliza. Mafuta yanaweza kuwa ya zeituni, ya ufuta, siagi, tui la nazi au mayonezi. Menyu isipokutajia mojawapo ya hayo manne, hilo ndilo la kuulizia, kwa sababu sahani isiyo na uchachu wowote mara nyingi huwa nzito kuliko inavyosomeka.

Ukali ndio unaowapotosha wengi, kwa kuwa menyu huuonyesha kwa picha ya pilipili moja au mbili kana kwamba ukali wote ni mmoja. Pilipili ya kawaida huunguza ulimi na koo na hudumu dakika kadhaa. Wasabi, rojo la kijani la Kijapani, na haradali hupanda puani kwa kishindo na kutoweka upesi. Pilipili ya Sichuan haiunguzi hasa, bali hutia midomo ganzi na mtekenyo, na mtu asiyejua anaweza kuogopa kwamba amepatwa na mzio. Usiishie kuuliza kama sahani ni kali. Uliza ni kali kwa nini.

Lipo pia jambo la tano, ambalo halina jina la Kiswahili lililozoeleka na kwa hiyo huitwa umami kama alivyoliita mkemia Kikunae Ikeda mwaka 1908 alipoitenga ladha hiyo kutoka kwenye supu ya mwani. Ni ule utamu wa mchuzi ulioiva vizuri, unaojaza mdomo na kukufanya umeze mate. Miso, mchuzi wa soya, mchuzi wa samaki, jibini lililokomaa, uyoga na nyanya zilizokaushwa, vyote vinayo kwa wingi, nao wapishi wa mseto huvipenda mno kwa sababu ni daraja rahisi kati ya jadi moja na nyingine. Hatari ni kuvirundika. Ukiona sahani moja ina miso, jibini lililokomaa na uyoga kwa pamoja, itakuwa tamu kwa vijiko vitatu na mzigo kwa vilivyobaki; iagize iwe ya kushirikiana na watu wanne, usiiagize iwe mlo wako peke yako.

Kumuuliza mhudumu

Swali la jumla huzaa jibu la jumla. Ukiuliza, «Hapa kuna nini kizuri?», utajibiwa kwamba kila kitu ni kizuri, na mhudumu hana kosa. Uliza kitu ambacho lazima akifikirie: «Samahani, naomba unisaidie. Sosi ya sahani hii imetengenezwa kwa nini?» au «Kati ya hizi mbili, ipi ina uchachu zaidi?» au «Ungemletea ipi mtu ambaye hajawahi kula miso?» Maswali ya namna hii humpa nafasi ya kueleza anachokijua, na utagundua mara moja kama anaijua menyu au anaikariri. Akisema, «Ngoja nikaulize jikoni,» mshukuru na umsubiri. Huyo ndiye wa kumwamini kwa maswali yanayofuata.

Kwa mwenye mzio, au mwenye miiko ya dini, kuuliza ni suala la usalama na la dhamiri, nami nalitilia mkazo kwa sababu nililiona likiharibika mezani kwangu. Rafiki yangu ana mzio wa ufuta. Tuliagiza karoti zilizochomwa, zikaja juu ya mtindi, na menyu ilitaja asali na mnanaa tu. Nilimuuliza mhudumu, «Kuna ufuta humu?» Akaitazama sahani, akajibu kwa uhakika kwamba hakuna. Naye hakusema uongo kwa alivyolielewa swali langu, maana nilipouliza ufuta aliwaza mbegu, na mbegu kweli hazikuwapo. Kilichokuwapo ni mafuta ya ufuta, matone machache yaliyonyunyizwa juu ya karoti dakika ya mwisho ili zing'ae na kunukia. Kwenye kipande cha pili rafiki yangu aliweka uma chini, akaanza kujipangusa midomo, na nilipomtazama mdomo wa juu ulikuwa umeshaanza kuvimba. Alikuwa na dawa yake mfukoni, na jioni ile iliishia salama. Lakini tangu siku hiyo siulizi tena kama kiungo kipo. Nauliza kama kipo kwa sura yoyote, iwe mbegu, mafuta, unga, rojo au siagi, na naomba swali lipelekwe kwa mpishi mwenyewe.

Mapishi mseto huongeza hatari hii kwa sababu kiungo husafiri mbali na chakula ambacho umezoea kukihofia. Mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa soya pamoja na ngano, kwa hiyo asiyekula ngano hana budi kuuulizia hata kwenye nyama ya kuchoma. Supu nyepesi ya Kijapani iitwayo dashi, inayoweza kujificha ndani ya sosi ya mboga, kwa kawaida huwa na vipande vya samaki aliyekaushwa. Kimchi nyingi zina mchuzi wa samaki au kamba waliotiwa chumvi, na rojo nyingi za viungo vya Kithai zina kamba waliosagwa; asiyekula nyama hawezi kutosheka na kuona kwamba sahani ina mboga tupu. Mole, sosi nzito ya Meksiko, inaweza kuwa na karanga, lozi na ufuta kwa pamoja. Sosi ya chaza ni ya chaza kweli. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mikahawa inatakiwa tangu Desemba 2014 kutoa taarifa za viungo 14 vinavyosababisha mzio, na Marekani iliuingiza ufuta katika orodha yake ya vizio vikuu kuanzia Januari 2023, ukiwa wa 9. Lakini taarifa iliyoandikwa haimwondolei mwenye mzio wajibu wa kusema, kwani jiko dogo linatumia ubao uleule na mafuta yaleyale ya kukaangia kwa sahani nyingi. Mwenye mzio mkali aulizie hayo mafuta ya kukaangia waziwazi.

Kwa asiyetumia pombe, yapo mambo matatu ya kuyataja: sake, yaani pombe ya mchele ya Kijapani, mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele ya kupikia, na divai ya kupikia. Mirin halisi ina kileo cha takriban asilimia 14, nayo hutiwa katika sosi nyingi tamu zinazong'aa ambazo hazionyeshi dalili yoyote ya pombe. Husemwa mara nyingi kwamba moto huimaliza, na hilo si kweli kwa kadiri watu wanavyodhani: katika chakula kilichochemka na pombe kwa dakika 15, kiasi cha asilimia 40 ya kileo huwa bado kimo, na hata baada ya saa moja hubaki kama robo. Kwa anayeepuka nguruwe, aulizie mafuta yaliyotumika kupikia, supu ya msingi, na jelatini katika vitindamlo. Sema kwa upole na kwa ufupi, pasipo kuomba radhi: «Situmii pombe wala nguruwe, hata ndani ya sosi. Naomba mpishi aniambie sahani zipi zinanifaa.» Sentensi hiyo ya mwisho ina kazi kubwa, kwa kuwa inamgeuza mpishi kutoka mtu wa kukatalia sahani akawa mtu wa kukuchagulia.

Kupanga oda

Usiagize kila kitu kwa mkupuo. Katika mikahawa mingi ya sahani za kushirikiana, jiko hutuma kila kitu kinapokuwa tayari, na meza ndogo ikifurika ndani ya dakika kumi mtakula vya moto vikiwa vimepoa na vya baridi vikiwa vimepata joto. Mwambie mhudumu kwamba mtaagiza kwa awamu mbili, na umwombe akushauri kuhusu ukubwa wa sahani. Kwa watu wawili, sahani tatu au nne ndogo pamoja na moja ya wanga huwa mwanzo mzuri. Mkiona njaa bado ipo, menyu haitoroki.

Awamu ya kwanza iwe ya vitu vibichi, vya baridi na vyenye uchachu, na ya pili iwe ya moto, ya mafuta na ya sosi nzito, maana ulimi uliokwisha kufunikwa na mchuzi mzito hauwezi tena kuisikia ndimu juu ya samaki. Angalia pia msiwe na sahani mbili zenye sosi moja. Kosa hili ni jepesi kufanyika, kwa sababu mayonezi ya pilipili iliyo kwenye kamba wa kukaanga na ile iliyo kwenye viazi vya kuoka huwa imetoka chombo kimoja, ingawa menyu imeziandika kwa majina tofauti. Na kila mnapoagiza kitu kikali, agizeni pamoja nacho kitu kimoja cha kutuliza: mtindi, tango, wali mweupe, au chochote chenye tui la nazi.

Neno moja juu ya samaki mbichi. Ndimu hugeuza nyama yake ikawa nyeupe kama iliyopikwa, lakini haiui vimelea vyote. Jiko makini hutumia samaki aliyegandishwa kwanza; kipimo kinachofuatwa na wengi ni nyuzijoto 20 chini ya sifuri za Selsiasi kwa siku 7. Unaweza kuuliza kama wanafanya hivyo, na jiko linalofanya hivyo hulijibu swali hilo bila kusita. Wajawazito, wazee na watu wenye kinga dhaifu wachague kilichopikwa.

Kula chenyewe

Sahani ikishafika, usiichanganye mara moja. Chukulia mfano wa tiradito, sahani ya Nikkei ambayo mkahawa mwingi wa mseto huwa nayo kwa jina hili au lile: vipande vyembamba vya samaki mbichi vimelazwa sambamba, chini yake kuna mchuzi wa rangi ya manjano, na juu yake kuna punje chache za mahindi ya kukaanga na jani dogo la kotimiri. Kwanza onja samaki peke yake kutoka ukingoni, mahali ambapo mchuzi haujafika. Utapata ubaridi wake na chumvi kidogo. Kisha chovya ncha ya kijiko kwenye mchuzi. Ndimu itakuja mbele, pilipili itafuata nyuma yake taratibu, na mwishoni kabisa, kama mpishi ametia mchuzi wa soya, utausikia ule ujazo wa mdomo niliousema. Sasa chukua kipande kizima, kipitishe kwenye mchuzi, weka juu yake punje moja ya mahindi na ule vyote kwa pamoja. Punje itavunjika kati ya meno wakati samaki anayeyuka, na hapo ndipo utaelewa kwa nini mpishi aliiweka: bila ile punje, sahani nzima ingekuwa laini mfululizo. Ukila hivi vipande viwili vya kwanza tu vya kila sahani, vingine unaweza kuvila kwa mazungumzo.

Kuhusu vyombo, fuata mwili wa chakula. Kilichokunjwa au kufungwa kwenye jani huliwa kwa mkono, na anayekikata kwa kisu hukimwaga. Tambi za kwenye supu zafaa vijiti na kijiko. Kama hujazoea vijiti, omba uma bila aibu yoyote. Lakini ukivitumia, usivichomeke wima kwenye bakuli la wali, kwani katika jadi za Japani na China hilo hukumbusha udi wa maziko, na huenda aliyeketi meza ya pili likamgusa.

Pilipili ikikuzidi, maji hayakusaidii. Kinachounguza, yaani kapsaisini, hakiyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta, na maji hukitawanya tu mdomoni. Maziwa au mtindi ndiyo dawa iliyo bora. Vikikosekana, wali au mkate hufuta kiasi. Vinywaji vyenye gesi navyo huongeza mateso, na mtu anayeagiza vyakula vikali afadhali achague kinywaji chenye utamu kidogo au chenye maziwa. Katika mambo mengine ya vinywaji sina mengi ya kusema, ila kwamba chai ya kijani au maji yenye tango husafisha ulimi kati ya sahani moja na nyingine kuliko juisi nzito.

Sahani ikikushinda, tenganisha mambo mawili. Iliyoharibika, yaani iliyoungua, iliyo baridi isivyopasa, au iliyo na kiungo ulichokikataza, irudishe palepale baada ya kuonja mara moja au mbili na ueleze kasoro kwa kuitaja. Ile ambayo imepikwa sawasawa ila haikukupendeza ni yako. Hata hivyo mwambie mhudumu ni kitu gani hasa hukukipenda, kwa mfano kwamba uchachu ulizidi, kwa sababu atakuongoza vyema zaidi katika awamu ya pili, na wapishi wanaobuni sahani mpya huhitaji kauli za namna hiyo.

Bili ikija, tazama kama tozo ya huduma imeshajumuishwa kabla ya kuongeza bakshishi, na hakikisha kwamba vitu vya nyongeza kama vile sosi za ziada ulivyodhani ni vya bure havikuhesabiwa pasipo wewe kuarifiwa. Mabaki yanaweza kufungwa, lakini chagua: nyama za kuokwa, wali na michuzi mizito hustahimili safari na mara nyingi huwa tamu zaidi kesho yake, mradi vifike kwenye friji ndani ya saa mbili. Vya kukaangwa kwa rojo la unga havitarudia ukavu wake. Samaki mbichi usimchukue kabisa. Mmalize hapohapo, au mpe jirani yako wa mezani.